Tunaolalamika kuhukumiwa, sisi tunawahukumu wangapi?

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila mwenye kuifuata njia yake kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Kwa miaka kadhaa nimesimama mbele ya vijana nikiwafundisha Surat Hujurat, aya kwa aya, na kuwatungia mitihani juu ya hatari ya dhana mbaya. Wengi wao hupata alama nzuri. Leo nataka kueleza jinsi mimi mwenyewe nilivyoanguka katika mtihani huo huo, tena mara mbili: mara moja ugenini na mara moja hapa hapa nyumbani. Sielezi haya ili nisifiwe kwa kukiri. Ninaeleza kwa sababu kuna deni ambalo sina njia nyingine ya kulimaliza, kama msomaji atakavyoona mwishoni.

Mwezi Juni mwaka 2024, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, nilikuwa Marekani kumtembelea mdogo wangu wa kike anayeishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Yeye hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mji ule una Waislamu wengi, hasa ndugu zetu Wasomali. Baadhi yao walipitia kambi za wakimbizi za Kenya na mpaka leo wanasema Kiswahili. Nilisalimiwa kwa Kiswahili dukani, msikitini na hata ndani ya basi.

Siku moja dada akaniambia, "Kaka, leo sina zamu. Nikupeleke ukaone Bunge la jimbo, pale St. Paul." Nilikubali, lakini moyoni nilikuwa na mashaka. Nilikuwa nimevaa kanzu na kofia. Nikamuuliza kama si bora nibadilishe, nivae suruali na shati. Akacheka, akasema, "Mimi ninavaa hijabu huku kila siku. Twende tu."

Nakiri kwamba nilikwenda nikiwa nimekwisha kuandika hukumu. Tangu nikiwa mwanafunzi, baada ya Septemba 11, 2001, nimesoma na kusikia mengi juu ya Waislamu wanavyotazamwa katika nchi zile: wanaopekuliwa uwanja wa ndege kwa sababu ya jina na wanaotiliwa shaka kwa sababu ya ndevu. Mengi ya hayo ni ya kweli, na kulalamika juu yake si kosa. Lakini mimi nilichukua habari ya baadhi ya watu nikamvisha kila mtu. Nikajiambia kwamba pale mlangoni nitavuliwa viatu na kofia na kuulizwa nimetoka wapi. Hakuna aliyenivua chochote. Siku ile tuliingia kama wanavyoingia watu wengine, tukasimama katika kundi la wageni wapatao kumi na watano kumsubiri mama wa makamo aliyekuwa mtembezaji.

Katika kundi lile alikuwapo mzee mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia ya askari mstaafu na mikono mikubwa kama ya mkulima. Tangu tulipoanza kutembea macho yake yalikuwa juu ya kanzu yangu. Nikigeuka, namkuta anatazama. Nikisogea, naye anasogea. Nikamnong'oneza dada, "Yule mzee ana jambo na mimi." Nikamjengea historia yote: kapigana katika nchi za Kiislamu, anatuchukia, anatamani nisiwepo pale. Alikuwa hajafungua kinywa.

Jengo lenyewe ni la ajabu. Msanifu wake aliitwa Cass Gilbert. Ujenzi ulianza mwaka 1896 na likafunguliwa Januari 1905. Juu yake kuna kuba la marumaru nyeupe linalotajwa miongoni mwa makuba makubwa zaidi ya aina yake duniani, na kutoka chini hadi kileleni ni futi 223. Mama yule akatusimulia habari ya marumaru hayo, na ndipo somo langu lilipoanza, ijapokuwa sikujua.

Gilbert alichagua marumaru kutoka jimbo la Georgia, kusini. Watu wa Minnesota wakapinga. Wenye machimbo ya mawe walitaka mawe ya kwao yanunuliwe. Lakini wazee waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865, walikuwa na uchungu mwingine. Georgia ilikuwa upande wa maadui, miongoni mwa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Walisema, itakuwaje jengo letu tukufu livikwe jiwe la waliotuulia ndugu zetu? Mwishowe ikapatikana suluhu: mawe ya Minnesota yakatumika katika sehemu nyingi, na marumaru ya Georgia yakatumika kwa kuta za juu na kuba. Leo anayelitazama jengo lile haoni jiwe la adui, anaona jengo moja tu jeupe. Uchungu wa wazee wale naufahamu. Lakini jiwe halikubeba bunduki. Mara ngapi nasi tumemtwika mtu makosa ya kabila lake, ya nchi yake au ya baba yake, naye hakuyatenda?

Tukafika katika ukumbi wa duara chini ya kuba. Sakafuni pana nyota kubwa ya pembe nane, kwa sababu jimbo lile hujiita Nyota ya Kaskazini. Mimi nilipoiona nilitabasamu, maana ilinikumbusha alama ya pembe nane tunayoiona pembeni mwa kurasa za msahafu, inayogawa hizbu. Dada akaniambia kuwa nyota hiyo imezua maneno. Mei 11, 2024, mwezi mmoja tu kabla ya safari yangu, jimbo lilianza kutumia bendera mpya yenye nyota ya pembe nane na rangi za buluu. Kabla haijapandishwa mlingotini walikuwapo waliosema kuwa imefanana na bendera za Kisomali, kwamba Wasomali wameliteka jimbo. Na nyota ile imelala pale sakafuni tangu zama ambazo Wasomali hawajahamia Minnesota! Mwenye dhana hahitaji ushahidi. Hutazama kitu kilichokuwepo tangu enzi za babu yake, akaona njama ya jana.

Kisha tukaingia katika chumba cha Mahakama ya Juu ya jimbo. Juu ya kuta zake nne kuna michoro mikubwa ya msanii John La Farge, inayosimulia habari ya sheria. Mmoja unamwonesha Socrates, mwingine Confucius, mwingine mtawala wa Toulouse aliyeitwa Raymond akisuluhisha pande mbili. Na mmoja, ndugu zangu, ni Nabii Musa (a.s.) mlimani Sinai. Sisi hatuwachori Mitume, na moyo wangu ulikereka nikainamisha macho. Jambo hilo sikulibadilisha na silibadilishi. Lakini nikiwa nimeinamisha macho nikajiuliza: watu hawa niliodhani hawana habari na Mwenyezi Mungu wametaka majaji wao wakae chini ya habari ya Nabii aliyepewa sheria na Mola wake. Kumbe kuna niliyokuwa siyajui. Kutokukubaliana na mtu ni kitu kimoja, na kudai kwamba unajua kila kilichomo moyoni mwake ni kitu kingine.

Nisije nikaeleweka kwamba nimerudi kuwapamba. Jengo lile lina madonda yake. Jina Minnesota ni la lugha ya Wadakota, wenyeji wa asili wa ardhi ile, na hutafsiriwa kuwa maji yenye rangi ya mbingu. Mwaka 1851 ardhi yao kubwa ilichukuliwa kwa mikataba, na mwaka 1862, baada ya njaa na ahadi zisizotimizwa, vita vikazuka. Baada ya vita wanaume zaidi ya 300 walihukumiwa kifo na baraza la kijeshi. Baadhi ya kesi zilichukua dakika chache tu, bila wakili. Rais Abraham Lincoln aliwapunguzia wengi adhabu, lakini Desemba 26, 1862, watu 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Kwa miaka mingi mchoro uliotukuza mkataba wa 1851 ulining'inia katika chumba cha mapokezi cha Gavana. Wajukuu wa waliodhulumiwa walipita chini yake. Jengo lilipofanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2017, mchoro huo uliondolewa katika chumba kile.

Nilipokuwa nikisikiliza habari hizo nilisema moyoni, "Hawa ndio madhalimu." Kisha nikashtuka. Kesi ya dakika chache, bila kumsikiliza mshitakiwa! Mimi nilikuwa nimemhukumu mzee wa kofia ya askari kwa muda mfupi kuliko huo.

Tukaambiwa kwamba hali ya hewa ni nzuri, hivyo tutapanda juu ya paa kuona sanamu za farasi wanne waliopakwa dhahabu, zilizowekwa pale mwaka 1906. Njia yake ni ngazi, nyingine nyembamba. Nilianza kupanda, na nyuma yangu nikasikia hatua nzito. Nikageuka. Ni yeye. Moyo ukanidunda. Nikasoma dua.

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, bwana. Shika nguo yako kidogo. Tangu kule chini naona inakaribia kukanyagwa, nikahofia utaanguka kwenye ngazi hizi."

Nikaangalia. Kweli, upindo wa kanzu ulikuwa umefumuka upande wa nyuma na unaburura. Nikaushika. Nikamshukuru. Akatikisa kichwa, akapanda. Hiyo ndiyo habari yote, ndugu msomaji. Hakuniambia kwamba anawapenda Waislamu, wala sikumuuliza. Pengine ana maoni ambayo yangeniudhi. Lakini muda wote nilipokuwa nikimwandikia dhambi, yeye alikuwa akichunga nisivunjike shingo.

Kule juu nilisimama kando ya farasi wa dhahabu, mji wote uko chini yangu, nikaona aibu ambayo sijaiona siku nyingi. Dada akanieleza kwamba katika jengo lile alihudumu Keith Ellison, aliyeingia Bunge la jimbo mwaka 2003. Mwaka 2006 akawa Muislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Congress la Marekani, akapigwa picha ya kiapo Januari 2007 akiwa na Qur'an iliyowahi kuwa ya Rais Thomas Jefferson, na tangu 2019 akawa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Humo humo aliingia Ilhan Omar, aliyechaguliwa mwaka 2016, ambaye utotoni aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya. Waliowapigia kura hawakuwa Waislamu peke yao. Wapo wanaowatukana mpaka leo, hilo tunalijua. Lakini wapo pia maelfu waliowasikiliza kwanza.

Mwaka uliofuata nilikumbuka tena ukumbi ule wa nyota. Juni 2025 Melissa Hortman, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, alipigwa risasi na kuuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe, na jeneza lake likawekwa chini ya kuba lile lile ili watu wamuage. Chuki haianzi na risasi. Huanza pale mtu anapoacha kumwona mwenzake kama binadamu, akamwona kama upande.

Ndugu zangu, dini yetu haikutuachia jambo hili wazi. Katika Surat Hujurat, aya ya 12, Allah (s.w.) anatuamrisha tujiepushe sana na dhana, kwa kuwa katika dhana imo dhambi, na papo hapo anakataza kupelelezana na kusengenyana, kwa maana dhana huzaa upelelezi na upelelezi huzaa usengenyaji. Katika aya ya 6 ya sura hiyo hiyo tunatakiwa kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukabaki kujuta. Surat Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Tazama kisa cha Nabii Daudi (a.s.) katika Surat Swaad. Walimjia wagombanao wawili, mmoja akaeleza, naye akatamka neno la hukumu. Wafasiri wapo waliosema kwamba funzo mojawapo ni kutokuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Daudi akatanabahi, akaomba maghfira na akaporomoka kusujudu. Naye ni Nabii! Mimi na wewe tunajiamini kwa lipi? Na Usama bin Zaid (r.a.) alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidai kwamba aliitamka kwa kuogopa silaha, Mtume (s.a.w.) alimlaumu vikali kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona kilichomo, mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile.

Lakini kisa kilichonichoma zaidi ni kile wanachokitaja wafasiri katika Surat Nisaa, kuanzia aya ya 105. Mtu mmoja katika watu wa Madina, aliyehesabiwa kuwa Muislamu, aliiba deraya, kisha ikapatikana kwa Yahudi. Jamaa zake wakamtetea na kutaka lawama imwangukie Yahudi. Aya zikateremka kumsafisha Yahudi yule, na kuonya kwamba anayetenda kosa kisha akamsingizia asiye na hatia amebeba uzushi na dhambi iliyo dhahiri. Qur'an ilishuka kumtetea asiye Muislamu dhidi ya aliyejiita Muislamu, kwa sababu haki ni haki.

Kwa nini kisa hicho kimenichoma? Hapa ndipo pa deni langu.

Mwaka 2022 wanafunzi Waislamu wa shule yetu walichanga Sh. 86,000 za kutengeneza tangi la maji ya udhu. Fedha nilizitunza mimi katika bahasha. Siku moja sikuiona. Palikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akifagia ofisi yangu, na kila mtu mtaani anajua kuwa baba yake aliwahi kufungwa kwa wizi. Sikuuliza. Sikutafuta. Nilimsimamisha mbele ya darasa nikasema kuwa maji hufuata mkondo. Kijana hakujibu. Aliinama tu.

Baada ya wiki mbili nilifungua daftari la zamani la mahudhurio, bahasha ikaanguka. Niliiweka mwenyewe. Je, nilifanya nini? Niliwatangazia wanafunzi kwamba fedha zimepatikana. Nilisema "zimepatikana", sikusema "nilikosea". Niliogopa heshima yangu kama mwalimu. Tangu siku ile kijana hakukanyaga tena msala wetu wa shule, nami nikamhukumu mara ya pili, nikasema kuwa imani yake ni dhaifu.

Niliporejea Tanga, Julai 2024, nilimtafuta. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, yuko kwenye gereji ya pikipiki. Aliponiona akafuta mikono. "Shikamoo, mwalimu." Sikustahiki shikamoo ile. Nikamwambia kila kitu: bahasha, daftari, ukimya wangu. Akasikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimekusamehe. Lakini siku ile mama alilia usiku kucha. Nenda ukamwambie na yeye."

Nikaenda. Mama yule alinikaribisha ukumbini, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, ungekuja siku ile ile." Kisha akaniletea maji ya kunywa. Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kujitetea.

Mashekhe wetu wamefundisha kwamba aliyemvunjia mtu heshima hadharani amsafishe hadharani. Darasa lile limekwisha kutawanyika. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Arusha, wengine sijui waliko. Nimesimama mbele ya wanafunzi waliopo nikaeleza. Lakini wale waliosikia na wasiokuwapo tena, nitawafikia vipi? Ndio maana naandika hapa. Enyi wanafunzi wangu wa mwaka ule, mtajijua wenyewe mkisoma: yule mwenzenu hakuiba. Mwizi wa heshima yake nilikuwa mimi.

Mtume (s.a.w.) aliwaeleza maswahaba kuwa muflisi wa kweli katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala na funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia yule, akala mali ya mwingine, basi mema yake yatagawiwa aliowadhulumu, na yakiisha atabebeshwa dhambi zao. Ndugu Waislamu, tunalalamika kwamba dunia inatuita magaidi bila kutujua. Ni haki yetu kulalamika. Lakini ni nani tunayemwita kafiri, mzushi, kibaraka, mchawi, mwizi, bila ya kumjua? Msikiti gani hatuuingii kwa sababu ya maneno tuliyosikia? Jirani gani hatumsalimii kwa sababu ya kabila lake au kanisa lake? Katika Surat Maida, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Aya ile haisemi nao waanze kwanza.

Wasia wangu ni mdogo. Ukimdhania mtu vibaya, uliza. Ukishindwa kuuliza, nyamaza. Na ukiwa umekwisha kusema, rudi leo kwa uliyemsema, usingoje kuvuka bahari kama mimi.

Ewe Mola wetu, tusafishie nyoyo zetu na chuki dhidi ya waja wako, na utupe ujasiri wa kuomba radhi kabla ya siku ambayo dinari na dirhamu hazitafaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.